Jua, Ngozi na Elimu ya Mionzi: Historia ya Fikra kuhusu Madhara ya Mwanga wa Jua kwa Binadamu katika Nchi za Tropiki, 1800–2015

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 1897 utawala wa Kijerumani ulifungua hospitali katika ufuko wa Bahari ya Hindi, Dar es Salaam, kwa ajili ya kuwatibu Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Takribani miaka 90 baadaye majengo hayo ya ufukoni yalikuwa yamegeuzwa kuwa kituo cha taifa cha tiba ya saratani, kinachojulikana leo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni hapo ambapo Luande, Henschke na Mohammed (1985) walifanya utafiti juu ya ngozi za Watanzania wenye ualbino, wakaonesha jinsi jua linavyoiharibu ngozi isiyo na rangi tangu utotoni hadi kufikia saratani.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna historia ndefu ya elimu ya mionzi. Elimu hiyo haikuanzia Afrika, lakini matumizi yake yaligusa maisha ya watu wa Afrika Mashariki kwa namna mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, madaktari wa kikoloni waliandika sana kuhusu hatari ya jua kwa ubongo na neva za Mzungu, hatari ambayo baadaye ilibainika kuwa haikuwapo kwa namna walivyoieleza. Kwa upande mwingine, kundi la watu waliokuwa wakiumizwa kweli na jua hilohilo, yaani watu wenye ualbino, halikupewa uzito katika tiba hadi robo ya mwisho ya karne ya 20.

Insha hii inachunguza sababu za kuchelewa huko. Hoja yake kuu ni kwamba kuchelewa hakukutokana na upungufu wa maarifa ya fizikia wala ya biolojia. Kufikia miaka ya 1930 mambo ya msingi yalikuwa yamekwisha kujulikana. Kilichokosekana ni swali: wanasayansi walipouliza jua linamdhuru nani, walikuwa wamekwisha kumchagua mtu wa kumtazama.

2.0 Kugunduliwa kwa Mionzi Isiyoonekana

Hadi mwisho wa karne ya 18 mwanga ulihesabiwa kuwa kile kinachoonekana kwa macho. Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo na kuweka vipimajoto katika kila rangi iliyojitokeza. Aliona kwamba joto liliendelea kupanda hata mahali palipovuka mwisho wa rangi nyekundu, pasipokuwa na mwanga wowote wa kuonekana. Mwaka uliofuata Johann Wilhelm Ritter, nchini Ujerumani, alijaribu upande wa pili. Alitumia kloridi ya fedha, chumvi inayogeuka kuwa nyeusi inapopigwa na mwanga, akagundua kwamba iligeuka kwa kasi zaidi ng'ambo ya rangi ya urujuani. Mionzi ya Herschel ndiyo inayoitwa leo infraredi, na ile ya Ritter ndiyo urujuanimno.

Ugunduzi huo ulizua mgawanyo uliodumu karibu karne nzima. Mionzi ya upande wa nyekundu iliitwa mionzi ya joto, na ile ya upande wa urujuani ikaitwa mionzi ya kikemia, kana kwamba ni vitu viwili vya asili tofauti. James Clerk Maxwell ndiye aliyeiunganisha kinadharia mwaka 1865 alipoeleza mwanga kuwa ni mawimbi ya sumakuumeme, na majaribio ya Heinrich Hertz ya miaka ya 1887 na 1888 yakathibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo. Tangu hapo ilieleweka kwamba mionzi yote ni ya jamii moja, na kinachoitofautisha ni urefu wa wimbi. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo kila chembe ya mwanga inavyobeba nishati kubwa zaidi.

Wakati huohuo wanabiolojia walianza kuona kwamba mionzi hiyo inagusa uhai. Mwaka 1877 Arthur Downes na Thomas Blunt walionesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kustawi katika mirija ya maabara, na kwamba sehemu ya mwanga iliyo upande wa urujuani ina nguvu zaidi katika kazi hiyo. Mwaka 1889 daktari wa macho wa Uswidi, Erik Johan Widmark, alitatua swali lililokuwa likibishaniwa kwa muda mrefu: je, ngozi iliyoungua juani imeunguzwa na joto? Kwa kuuchuja mwanga wa taa ya umeme ili kuondoa mionzi ya joto, alionesha kwamba ngozi iliungua kwa urujuanimno. Hivyo mtu anaweza kuungua katika hewa ya baridi, na anaweza kukaa katika joto kali kivulini bila ngozi yake kubabuka.

Niels Finsen, daktari mzaliwa wa visiwa vya Faroe, aliligeuza jambo hilo kuwa tiba. Katika taasisi aliyoianzisha Copenhagen mwaka 1896, aliwatibu wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa na lenzi na kupoozwa kwa maji. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya kufariki dunia. Kwa hiyo, karne ya 20 ilipoanza, madaktari walikuwa na hakika ya mambo mawili: mionzi isiyoonekana ina nguvu juu ya chembe hai, na nguvu hiyo inaweza kuponya au kudhuru.

Upande wa kudhuru ulidhihirika kwa uchungu zaidi katika mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alifanya kazi na mionzi hiyo bila kinga, akapata majeraha na saratani mikononi, akakatwa viungo, na hatimaye akafariki mwaka 1904. Kisa chake kilifundisha kwamba madhara ya mionzi huweza kujilimbikiza kimyakimya kwa miaka kabla ya kujitokeza. Funzo hilo lilihusu eksirei, lakini lilikuja kuwa la maana vilevile kwa mwanga wa jua.

3.0 Hofu ya Jua katika Makoloni

Elimu hiyo changa ilifika katika makoloni ikiwa imechanganyika na hofu za kitabaka na za kimbari. Mwandishi aliyeieneza zaidi ni Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani aliyehudumu Ufilipino. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu athari za mwanga wa tropiki kwa watu weupe, alidai kwamba mionzi mifupi ya jua hupenya mwilini mwa Mzungu na kuiharibu mishipa ya fahamu, na kwamba rangi nyeusi ya ngozi ni ngao iliyotolewa na maumbile kwa wenyeji wa tropiki. Kwa mtazamo wake, Mzungu hangeweza kukaa kizazi baada ya kizazi katika nchi hizo bila kudhoofika.

Mwanahistoria Dane Kennedy (1990) ameonesha jinsi fikra hizo zilivyoingia katika maisha ya kila siku ya Wazungu makoloni. Nchini Kenya walowezi walivaa chapeo nzito za jua au pama za kitambaa cha tabaka mbili. Wengine walishona vipande vya kitambaa chekundu katika mavazi au kuvaa pedi za kukinga uti wa mgongo, kwa imani kwamba rangi nyekundu ingezuia mionzi ya kikemia. Mtoto wa mlowezi kutoka nje bila kofia mchana lilikuwa jambo la kutisha. Nyanda za juu za Kenya zilitiliwa shaka maalumu, kwa kuwa zilikuwa karibu na ikweta na pia zilikuwa juu sana kutoka usawa wa bahari.

Katika hofu hiyo kulikuwa na chembe ya ukweli. Urujuanimno huongezeka mtu anapopanda mlima, kwa sababu hewa inayouchuja hupungua. Ongezeko hilo hukadiriwa kuwa karibu asilimia 10 kwa kila meta 1,000. Kosa lilikuwa katika kiungo kilichotajwa. Urujuanimno huishia katika tabaka za ngozi na hauwezi kupita fuvu la kichwa kuufikia ubongo. Aliyeanguka juani alianguka kwa kuzidiwa na joto na kupungukiwa maji mwilini, si kwa kupigwa na mionzi ya kikemia.

Kosa hilo lilianza kufichuliwa mapema, tena katika makoloni yenyewe. Jeshi la Marekani nchini Ufilipino lilipowajaribu askari kwa kuwavika nguo za ndani za rangi ya machungwa na nyekundu, taarifa ya mwaka 1910 ilieleza kwamba nguo hizo hazikuleta faida bali ziliongeza joto. Huko Manila, Hans Aron (1911) alichunguza wanyama waliowekwa juani, akahitimisha kwamba kilichowaua ni kupanda kwa joto la mwili. Walipopepewa upepo waliweza kustahimili. Hata hivyo, chapeo za jua zilibaki vichwani kwa zaidi ya miaka 30 baada ya matokeo hayo. Ziliachwa kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baada yake, pale maelfu ya askari weupe walipopigana katika nchi za joto bila kuzivaa na neva zao zisidhurike.

Kudumu kwa imani hiyo hakuwezi kuelezwa kwa sayansi peke yake. Chapeo ilikuwa alama ya mtawala. Zaidi ya hapo, nadharia ya ngozi nyeusi kuwa ngao kamili iliafikiana na mahitaji ya uchumi wa walowezi. Ikiwa Mzungu hapaswi kukaa juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na Mwafrika hadhuriki na jua, basi mgawanyo wa kazi shambani ulionekana kuwa ni wa maumbile. Katika picha hiyo hakukuwa na nafasi ya Mwafrika anayeunguzwa na jua. Mtu mwenye ualbino alivunja mpango mzima wa nadharia: alikuwa mwenyeji wa tropiki asiye na ngao. Nadharia iliyojengwa juu ya mbari haikuwa na neno la kumwelezea.

4.0 Kupimwa kwa Faida na Madhara

Wakati makoloni yakibishana kuhusu kofia, maabara za Ulaya na Amerika zilikuwa zikipima. Faida ndiyo iliyopatikana kwanza. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Japani, alilinganisha nchi mbalimbali na kubaini kwamba matege yaliwaandama watoto wa miji yenye moshi na jua hafifu. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye matege mjini Berlin kwa taa za urujuanimno. Miaka ya 1920 ilifafanua kwamba mionzi hiyo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mwili huihitaji ili kutumia madini ya chokaa katika mifupa. Ikadhihirika kwamba kiumbe hai hahitaji kukimbia mwanga wote, bali huishi katika mizani kati ya mwanga mchache mno na mwanga mwingi mno.

Madhara nayo yalithibitishwa katika miaka hiyohiyo. Tangu mwaka 1894 Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi mjini Hamburg, alikuwa ameeleza mabadiliko ya ngozi za mabaharia yaliyoishia katika saratani. Mwaka 1928 George Findlay, mjini London, alizalisha saratani katika ngozi za panya kwa taa ya urujuanimno. Katika miaka ya 1930 Ángel Roffo wa Buenos Aires aliweka panya weupe juani na kupata uvimbe wa saratani katika sehemu zisizo na manyoya mengi, hasa masikio. Panya waliowekwa nyuma ya kioo cha dirisha hawakupata uvimbe huo. Kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia mionzi iliyo mifupi kuliko takribani nanomita 320, jaribio hilo lilionesha ni sehemu gani ya mwanga wa jua inayohusika.

Mwaka 1932 mkutano wa kimataifa wa elimu ya mwanga uliofanyika Copenhagen uliigawa mionzi ya urujuanimno katika makundi matatu yanayotumika hadi leo: UVA, kati ya nanomita 400 na 315, UVB, kati ya 315 na 280, na UVC, iliyo chini ya 280, ambayo haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na angahewa, hasa tabaka la ozoni. Wakati huohuo Frederick Gates wa Marekani alikuwa amekwisha kuonesha kwamba urefu wa mawimbi unaoua bakteria zaidi ni ule unaofyonzwa na asidi za kiini cha seli. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1960, pale Beukers na Berends, nchini Uholanzi, walipobaini kwamba urujuanimno huunganisha vijenzi viwili jirani vya DNA vinavyoitwa thimini. Muungano huo huvuruga usomaji wa maagizo ya seli. Mwaka 1968 James Cleaver alionesha kwamba wagonjwa ambao seli zao haziwezi kurekebisha kasoro hizo ndio wanaopata saratani za ngozi mapema na kwa wingi.

Ni muhimu kuuzingatia mfuatano huu. Kufikia mwaka 1934 daktari yeyote aliyefuatilia machapisho angeweza kukisia, bila kufanya jaribio jingine, kwamba mtu aliyezaliwa bila melanini karibu na ikweta yuko katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Panya weupe wa Roffo walikuwa na ualbino.

5.0 Watu Wenye Ualbino: Kutoka Maajabu hadi Kliniki

Ualbino haukuwa jambo lisilojulikana kwa wasomi. Kati ya 1911 na 1913 Karl Pearson na wenzake walichapisha mjini London kazi kubwa kuhusu ualbino kwa binadamu, wakikusanya taarifa na picha kutoka sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Lakini swali lililowashughulisha lilikuwa la urithi: sifa hii hupitaje kutoka kizazi hadi kizazi? Mtu mwenyewe alionekana kama kielelezo cha urithi. Katika jamii za Afrika Mashariki naye alizungukwa na simulizi za aina nyingine, za mkosi au za nguvu zisizo za kawaida, na akaitwa kwa majina kama zeruzeru ambayo leo wenyewe wanayakataa. Macho ya msomi na ya jirani yalitofautiana, ila yote mawili yalimtazama kama ajabu na kuipita ngozi iliyokuwa ikiungua.

Maelezo ya kibiolojia si magumu. Katika ngozi nyeusi, punje za melanini hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli na kufyonza mionzi kabla haijafika kwenye DNA. Mwenye ualbino ana seli zilezile za rangi, lakini hazitengenezi melanini ya kutosha. Macho yake pia hukosa rangi hiyo, hivyo mwanga humsumbua na uoni wake huwa hafifu. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, hali hii hutokana hasa na upungufu mmoja wa kipande cha jeni la OCA2, uliotambuliwa na watafiti mwaka 1994 na 1995. Kuenea kwa upungufu huohuo miongoni mwa jamii zilizo mbalimbali kunaashiria kwamba una chimbuko moja la kale. Kwa maneno mengine, familia za eneo hili zimeishi na ualbino na jua la tropiki kwa vizazi vingi sana.

Uchunguzi wa kitabibu ulianza kuleta picha kamili katika miaka ya 1970. Huko Nigeria, Okoro (1975) aliripoti kwamba miongoni mwa watu wenye ualbino aliowachunguza hakukuwa na hata mmoja aliyevuka umri wa miaka 20 akiwa na ngozi isiyo na dalili za saratani au za kuelekea saratani. Utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 1985 ulifuatilia hatua zake: uharibifu huonekana tangu utotoni, vidonda sugu hufuata katika ujana, na saratani iliyokomaa hujitokeza katika umri ambao watu wengine ndio kwanza wanajenga familia. Lookingbill na wenzake (1995) walipata hali ya kufanana kaskazini mwa Tanzania. Saratani iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na hushambulia hasa kichwa, uso na shingo, sehemu ambazo nguo haziziki.

Umuhimu wa tafiti hizo haukuwa katika kugundua sababu, kwani sababu ilikwisha kujulikana. Umuhimu wake ulikuwa katika kuuweka wazi umri wa wagonjwa. Mwili hauhitaji miaka mingi ya ziada kufikia saratani ikiwa kila siku ya shamba, ya uwanja wa shule na ya kuchunga mifugo inaongeza deni lake. Ndiyo maana kinga inayoanza ukubwani huwa imechelewa. Kofia pana na mikono mirefu kwa mtoto anayeanza kutembea vina thamani kuliko upasuaji wa mtu mzima.

Hatua za kinga zilifuata taratibu. Chama cha Albino Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1978, kiliwapa wahusika sauti yao wenyewe. Mwaka 1992 kilianzishwa Moshi kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho wahudumu wake huwafuata watu wenye ualbino vijijini. Katika muongo wa 2010 mjini humohumo yalianza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yaliyokusudiwa kwa ngozi na hali ya hewa ya hapa. Mashambulizi na mauaji yaliyowakumba watu wenye ualbino tangu katikati ya miaka ya 2000 yaliivuta dunia kulitazama suala hili. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 13 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kukuza Uelewa kuhusu Ualbino, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Ukatili huo ulistahili kulaaniwa kwa nguvu zote. Hata hivyo, jua liliendelea kuua bila kelele, na vifo vyake havikuandikwa katika vichwa vya habari.

Jambo moja zaidi linastahili kutajwa. Katika Taasisi ya Ocean Road saratani iliyosababishwa na sehemu moja ya mawimbi ya sumakuumeme hutibiwa kwa sehemu nyingine ya mawimbi hayohayo, yaani mionzi yenye nishati kubwa inayolenga uvimbe. Tiba hiyo huhitaji wiki kadhaa za kuhudhuria mfululizo. Kwa mkulima anayetoka mkoa wa mbali, nauli na malazi huwa kikwazo kikubwa kuliko ugumu wa fizikia iliyoiwezesha tiba.

6.0 Hitimisho

Historia hii haimwoneshi mwanasayansi mjinga akisahihishwa na mwenye hekima. Widmark, Finsen, Findlay na Roffo walifanya kazi makini, na matokeo yao yangali yakitumika. Hata madaktari wa kikoloni hawakukosa kila kitu: walihisi kwamba jua la nyanda za juu karibu na ikweta lina nguvu ya pekee, na ndivyo lilivyo. Walikosea kwa kuitafuta hatari mahali walipotaka iwepo, katika mwili wa mtawala, na kwa kudhani kwamba mwili wa mtawaliwa umekingwa wote kwa pamoja.

Kati ya panya weupe wa Buenos Aires na kliniki ya Dar es Salaam ilipita nusu karne. Katika muda huo watoto wenye ualbino walizaliwa, wakasoma wakikaza macho mbele ya ubao, wakalima juani na wakafa vijana, huku maelezo ya vifo vyao yakiwa tayari yamechapishwa katika majarida ya nchi za mbali. Hakuna fomula mpya iliyohitajika ili kuwafikia. Ilihitajika kuwahesabu, kuwachunguza na kuwapa kofia. Kwa mtafiti wa historia ya sayansi katika Afrika Mashariki, funzo ni kwamba tarehe ya ugunduzi na tarehe ya manufaa ni mambo mawili tofauti, na masafa yaliyo kati yake ndiyo yanayostahili kuchunguzwa.